Baridi juu ya piki: nguo za kupashwa moto na umeme zinafaa kwa wamotari wetu?

Mstari wa ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero. Ukiangalia ramani, unaweza kusema hapo ni kwenye joto kali la dunia. Lakini uliza motari anayetoka Lubero saa kumi na moja asubuhi, muzigo wa viazi nyuma, ukungu mbele. Atakuambia kitu kingine. Vidole vinakufa ganzi, macho yanatoa machozi, na akifika kwenye barriere mukono hauwezi hata kufungua mufuko ili atoe karatasi. Ni vile vile kwa wale wa milima ya Masisi, wa nyanda za juu za Kalehe na wa Minembwe.

Siku hizi vijana wanaona kwenye simu jaketi na glovu zenye waya ndani, zinazopasha mwili moto kwa umeme. Wengine wanatumiwa na ndugu walio Ulaya, wengine wanazikuta ndani ya chaguwa bila kujua ni kitu gani. Swali ni moja: zinafaa kwa piki zetu? Jibu ni fupi: zingine ndiyo, nyingi hapana. Na sababu haiko kwenye nguo, iko kwenye piki yenyewe. Tuangalie polepole, kabla mutu hajapoteza pesa yake.

Juu ya nini baridi inauma zaidi ukiwa juu ya piki?

Kwanza ni urefu wa mulima. Goma na Bukavu ziko karibu na metre 1.500 juu ya bahari, Butembo inapita 1.700, na barabara nyingi za milima zinapanda zaidi ya hapo. Kila ukipanda metre 1.000, hewa inapunguza joto karibu digri 6. Ndiyo maana mutu anaweza kutoka Beni na shati moja, na akifika Butembo anatafuta koti.

Pili ni upepo. Mwili unajitengenezea kifuniko chembamba cha hewa ya moto kwenye ngozi. Upepo unakiondoa kila wakati. Kwa hesabu inayotumiwa na watu wa hali ya hewa wa Canada na Marekani, hewa ya digri 10, ukitembea kilometre 50 kwa saa, ngozi inaisikia kama digri 5 hivi. Piki inatengeneza upepo wake yenyewe, hata siku ambayo majani ya miti hayatikisiki.

Tatu ni maji. Maji yanabeba joto la mwili kwa haraka kuliko hewa, zaidi ya mara 20. Nguo iliyolowa mvua ni mubaya kuliko kukosa koti.

Na mwili ukisikia baridi, unaokoa kwanza moyo na matumbo. Unapunguza damu kwenye vidole vya mikono na miguu. Hapo ndipo hatari inaanza. Piki ikitembea kilometre 50 kwa saa, kila segonde moja inakula metre 14. Kidole kilichokufa ganzi kikichelewa segonde moja kushika freni, metre hizo 14 zimekwisha pita. Mbele ya mutoto anayevuka barabara, ama mbele ya lori iliyolala kwenye matope, ni nyingi sana.

Nguo hizi zinafanyaje kazi?

Wazo si jipya. Wakati wa vita ya pili ya dunia, askari wa Marekani waliokuwa ndani ya ndege za kupiga mabomu walivaa nguo zenye waya za umeme, kwa sababu kule juu hewa ilikuwa baridi kupita barafu. Miaka ya 1970, kampuni Gerbing ya Marekani ilianza kutengeneza nguo kama hizo kwa watu wa pikipiki.

Ndani ya kitambaa kuna waya nyembamba za chuma ao za kaboni. Umeme ukipita ndani, waya inapata moto, sawa na pasi ya umeme lakini kwa kiasi kidogo. Kuna aina tatu kubwa:

1. Nguo za volti 12, zinazofungwa kwenye batri ya piki. Ndizo zenye nguvu kuliko zote. Jaketi moja inaweza kula watt 60 hadi 90, glovu mbili karibu watt 25, suruali karibu watt 40.

2. Nguo zenye batri ndogo yao yenyewe, mara nyingi volti 7,4. Glovu nyingi ziko hivi: kila moja ina batri kwenye kiwiko cha mukono. Zinapasha saa mbili hadi nne kulingana na kipimo ulichochagua, kisha zinataka kushargewa.

3. Gilé na jaketi za kuchomeka kwenye powerbank ya simu, volti 5. Nguvu yake ni ndogo, watt 10 hivi, lakini hazigusi piki kabisa.

Hesabu ambayo muuzaji hatakuambia

Watengenezaji wengi wanafikiria piki kubwa za Ulaya na Marekani, zenye mashini ya kutoa umeme wa watt 400 ao zaidi. Piki zetu za kazi, Boxer, TVS na zile za kichina za cc 100 hadi 150, hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mara nyingi zinatoa karibu watt 100 ao chini yake, na hiyo ni wakati mashini inazunguka kwa nguvu. Ukiwa unapanda polepole kwenye matope, ama umesimama kwenye barriere na mashini inanguruma chini, umeme unashuka sana. Taa ya mbele peke yake inaweza kula watt 35. Tena kwenye piki nyingi ndogo, umeme wa mashini haufiki wote kwenye batri: sehemu inaenda moja kwa moja kwenye taa.

Sasa tufanye hesabu. Jaketi inakula watt 72. Gawanya kwa volti 12, unapata ampere 6. Batri ya piki yenye ampere-saa 5 haiwezi kuivumilia hata saa moja nzima, kama mashini haiirudishii umeme wa kutosha. Utafika na mwili wa moto, lakini piki haitawaka tena na demarere, na utaanza kupiga kiki kwenye baridi ileile uliyokuwa unaikimbia. Na batri inayomalizwa hivyo mara kwa mara inakufa mapema.

Kwa hiyo:
- Jaketi kamili ya volti 12: usiifunge kwenye piki ya cc 100 hadi 150.
- Glovu za volti 12 (watt 25): inawezekana, kama taa zako ni za LED na batri ni nzima. Jaribu kwanza.
- Glovu zenye batri yake: zinafaa piki yoyote. Ndiyo chaguo la kwanza kwa motari wa milima, kwa sababu zinaokoa vidole vya freni.
- Gilé ya powerbank: inafaa pia. Powerbank ya mAh 10.000 inaweza kuipasha saa tatu hivi, kama nambari iliyoandikwa ni ya kweli. Lakini kumbuka, ukiimaliza njiani, simu nayo inabaki bila moto.

Ukiwa sokoni, angalia nini?

Soma volti na watt zilizoandikwa ndani ya nguo. Kama hakuna, acha. Nguo ya volti 7,4 ukiifunga kwenye batri ya volti 12, inaungua, na wewe ndani yake.

Jaribu kabla ya kulipa. Washa, ngoja dakika tano, pitisha mukono pole pole. Joto lifike kifuani, mugongoni na kwenye shingo. Kwa glovu, lifike kwenye vidole, hata kidole gumba, si kwenye kiganja peke yake. Kama kuna sehemu moja inachoma kuliko zingine, waya imekunjika ao imekatika nusu.

Kwa nguo za chaguwa, angalia kwanza kama batri na shargere yake viko. Jaketi bila kidhibiti chake ni jaketi ya kawaida, basi lipa bei ya jaketi ya kawaida.

Nguo ibane mwili kidogo. Inavaliwa juu ya shati moja nyembamba, chini ya koti lisilopitisha upepo. Ukiivaa juu ya makoti mawili, unapasha makoti; ukiivaa bila koti la upepo juu, unapasha barabara.

Usichanganye joto na ulinzi. Gilé ya umeme haizuie mufupa kuvunjika. Glovu za piki zilizopimwa Ulaya zinaandikwa EN 13594. Hizo zimejaribiwa kwa mutu anayeanguka. Na glovu nene sana inakufanya usisikie freni. Shika freni na klachi ukiwa bado dukani.

Kufunga kwenye piki

Kwa wale wenye glovu za volti 12, peleka kwa fundi wa umeme. Waya itoke moja kwa moja kwenye batri, na fuzibo ikae karibu na upande wa plasi. Glovu za watt 25 zinakula ampere 2 na kitu. Fuzibo ya ampere 3 ama 5 inatosha. Usiweke kipande cha waya pahali pa fuzibo. Usiunge kwenye waya ya taa.

Kisha pima. Batri nzima, piki ikiwa imezimwa, inaonyesha karibu volti 12,6. Mashini ikizunguka kama uko njiani, inatakiwa kupanda hadi 13,5 ao 14,5. Washa glovu na taa pamoja. Volti ikibaki juu ya 13, uko sawa. Ikishuka chini ya hapo, piki inakula akiba yake, na utaishia njiani.

Hatari za kujua

Joto la digri 44 halionekani kali, lakini likigusa ngozi palepale kwa masaa mengi linaweza kuunguza. Usiweke kipimo cha juu safari nzima: anza juu dakika kumi, kisha shusha. Mugonjwa wa kisukari, ama mutu yeyote ambaye miguu yake haisikii vizuri, asitumie soksi za umeme bila kuuliza muganga, kwa sababu anaweza kuungua bila kujua.

Batri iliyovimba, iliyopigwa ao iliyoingia maji isishargewe tena. Usilale karibu nayo ikiwa kwenye shargere.

Na pombe? Kindingi na kasiksi havipashi mwili moto. Vinafungua mishipa ya ngozi, unasikia moto usoni, na wakati huo joto la ndani linatoka. Kunywa chai ya moto yenye sukari.

Kama pesa haipo

Wamotari wengi hawatanunua nguo ya umeme mwaka huu, na hiyo si mwisho wa dunia. Umeme unakuja nyuma. Kuzuia upepo na maji kunakuja mbele. Karatasi za gazeti ao karton nyembamba kifuani, chini ya koti, zinazuia upepo vizuri. Mufuko wa plastiki juu ya soksi, ndani ya buti, unaweka miguu kavu. Kipande cha shambreri ama cha bidon kilichofungwa mbele ya gido kinakinga vidole. Hakikisha hakigusi freni wala klachi. Shingo ifunikwe. Beba shati kavu ndani ya plastiki, kwa sababu mvua ya mulima haipige hodi.

Usisahau abiria. Wewe unashika gido na kufanya kazi. Yeye anakaa tu, na baridi inamuingia pole pole. Piki ndiyo ambulansi ya vijiji vingi. Mama anayepelekwa maternité ama mutoto mugonjwa mugongoni anapoteza joto mbele yako. Mufunike na blanketi kavu, kisha plastiki juu, na fundo lisikaribie cheni wala gurudumu.

Ukiona mutu anatetemeka sana, anaongea kama mulevi, ao anaanza kuangusha vitu, simamisha piki. Mwili wake unaelekea chini ya digri 35, na hapo ni hatari ya kifo. Mutoe kwenye upepo, muvue nguo zilizolowa, mufunike, mupe kinywaji cha moto kama bado anameza vizuri, na umupeleke kwenye kituo cha afya. Kama ameacha kutetemeka lakini bado ni baridi, usifikiri amepona: ndio wakati wa kukimbia.

Kwa motari, dakika kumi za kusimama kwenye moto wa mama muuza chai zinaonekana kama hasara. Lakini vidole vikirudia kusikia, freni inarudia kufanya kazi. Na safari ya pili ya siku inaanzia hapo.