Kaya 915 za Kagera

Wiki iliyopita, kaya hii ilikula mikungu mingapi ya ndizi?

Swali linaonekana jepesi mpaka uliulize Bukoba, mkoani Kagera. Mkungu upi? Upo ambao kijana mwenye nguvu akiuweka begani anapinda mgongo, na upo wa mgomba uliochoka, chane zake za kuhesabika. Tena mkungu uliokatwa Jumatatu huenda nusu yake ilipelekwa msibani, chane mbili akapewa jirani aliyejifungua, nyingine wakapikiwa vibarua waliokuja kupalilia kahawa, na kilichobaki ndicho kikaliwa nyumbani. Mama mwenye nyumba anafikiri kidogo, anajibu: "Mmoja." Mdadisi anaandika 1 kwenye dodoso, anafunua ukurasa. Hakuna aliyedanganya, lakini msiba, jirani na vibarua wamekwisha kupotea katika hesabu.

Umaskini wa Afrika umepimwa hivyo kwa miaka mingi, kwa mikungu, madebe ya mahindi, miche ya sabuni na ada za shule, kisha tarakimu zikajumlishwa mbali na kijiji. Kagera, mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ina kisa chake cha pekee. Watafiti waliofika huko mwaka 1991 kwa ajili ya swali moja walirudi mwaka 2004, wakarudi tena mwaka 2010, wakiwatafuta watu wale wale kwa majina. Kurudi huko ndiko kulikobadilisha majibu.

Mkoa uliopigwa mara tatu

Mwaka 1980 Benki ya Dunia ilianzisha mpango wa kupima hali ya maisha ya kaya katika nchi zinazoendelea, na mwaka 1985 tafiti za kwanza zikafanyika Côte d'Ivoire na Peru. Wazo lilikuwa kuweka kila kitu kwenye dodoso moja: chakula, shamba, maradhi, shule, mikopo, zawadi zilizotolewa na zilizopokelewa. Kasoro ya tafiti nyingi za namna hiyo ni kwamba hupiga picha moja tu. Picha inakuonyesha nani maskini leo. Haikuambii kama jana alikuwa tajiri, wala kama kesho atakuwa amejikwamua.

Kagera ilihitaji zaidi ya picha. Mkoa huo, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi hadi 1979, ulikuwa umetoka kuvamiwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage, mkoani humo, na kabla jina la kitabibu halijazoeleka watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiingizwa na wafanyabiashara wa magendo mpakani. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ukavunjika, na bei ikaporomoka. Kahawa ndiyo iliyokuwa ikilipa ada na kuezeka mabati katika vibanja, mashamba ya nyumbani ya Wahaya wa Kagera.

Mwaka 1991 Benki ya Dunia na chuo cha tiba cha Muhimbili wakaanza utafiti wao. Walitaka kujua mtu mzima akifa, kaya inabaki na nini. Zikachaguliwa kaya 915 katika vijiji na mitaa 51, kwenye wilaya zote 6 za mkoa wakati huo. Wadadisi walizirudia kaya hizo karibu kila baada ya nusu mwaka, hadi mara 4, mpaka mwanzoni mwa 1994.

Daftari la rambirambi

Kila aliyekaa matangani anajua kazi ya daftari la rambirambi. Mtu mmoja ameketi mezani karibu na mlango, anaandika jina na kiasi, fulani fedha, fulani mchele, fulani kuni. Daftari hilo ni hati ya fedha kama hati nyingine yoyote, kwa kuwa siku ya msiba wa fulani utalifungua uone uliletewa nini.

Mattias Lundberg, Mead Over na Phare Mujinja, waliochambua takwimu za 1991 hadi 1994, waligundua kwamba madaftari hayo hayalingani. Kaya zenye mali na zenye watu wengi wa kuzisaidia ndizo zilizopata sehemu kubwa ya misaada ya ndugu na marafiki baada ya kifo. Kaya duni zilitegemea zaidi mkopo. Misaada ya taasisi ndiyo iliyoelekea kwa maskini, nayo ilikuja mara tu baada ya msiba. Aliye nacho aliongezewa kwa mkono wa jirani, na asiye nacho akakopa ili azike.

Uchambuzi mwingine wa takwimu hizo hizo uliangalia mazao yaliyoharibiwa na wadudu, panya au moto. Pale kaya ilipopoteza mavuno, saa za kazi za watoto ziliongezeka, lakini wenye mali walilipunguza pigo hilo. Kwa mwenye mbuzi wa kuuza, mbuzi ndiye anayeziba pengo. Asiyekuwa naye huliziba kwa jasho la mtoto.

Nani atakusaidia?

Mwaka 2000 mchumi Mbelgiji, Joachim De Weerdt, alijikita katika kijiji kimoja cha Wahaya, Nyakatoke, chenye kaya 119. Hakuchagua sampuli, aliziuliza zote. Kila mtu mzima aliombwa ataje watu, wa kijijini au wa nje, anaoweza kuwategemea kwa msaada wa fedha, vitu au nguvu kazi, au wanaoweza kumtegemea yeye.

Majibu yakachorwa kama utando wa buibui, na kijiji tunachopenda kukisifu kwa umoja kikaonekana kuwa na matabaka hata katika kusaidiana. Nyuzi za matajiri zilikuwa nyingi, za maskini chache. Mara nyingi fulani alimtaja mwenzake na mwenzake asimtaje yeye. Watafiti waliokuja baadaye kulinganisha kauli za mtoaji na mpokeaji walikuta zawadi na mikopo mingi iliyotajwa na upande mmoja tu, wakahitimisha kuwa fedha zinazopita kati ya majirani ni nyingi kuliko zinazoandikwa kwenye madodoso.

Mahali ambapo kusaidiana kulikuwa na utaratibu wa wazi ni kwenye vyama vya kuzikana. Humo kulikuwa na wanachama wanaojulikana, michango iliyopangwa na kanuni za kumbana anayekwepa. De Weerdt na wenzake walivilinganisha vyama hivyo na iddir, vyama vya kuzikana vya Ethiopia, wakaonyesha kuwa watu wanaodhaniwa hawajui bima walikuwa wameiunda wenyewe. Waliiandikia masharti na kuilinda kwa miaka, bila wakala wala ofisi.

Kumfuata mtu, si nyumba

Kwa kawaida mdadisi anayerudia kaya baada ya miaka kadhaa huenda kwenye nyumba ile ile. Akiambiwa mtu kahama, anaandika "amehama" na kuendelea na waliopo. Mwaka 2004, miaka 10 baada ya ziara ya mwisho, timu iliyorudi Kagera ilikuwa na masharti mengine. Kila mtu aliyekuwamo katika dodoso la awali alipaswa kutafutwa, popote alipo.

Ukiwa na jina la mtoto aliyekuwa na miaka 9 mwaka 1991, unaanzia wapi? Unaanza kwa waliobaki, kwa jirani na kwa mwenyekiti wa kitongoji. Fulani aliolewa Karagwe, fulani yuko Mwanza anauza mitumba, fulani mara ya mwisho alionekana Kampala. Unachukua basi. Kwa walioko Dar es Salaam ni safari ya takriban kilomita 1,400. Katika zaidi ya kaya 9 kati ya kila 10 za awali ambazo bado zilikuwa na mtu hai, angalau mmoja alipatikana. Zile kaya 915 zilikuwa zimezaa zaidi ya kaya 2,700.

Kwanza yakaonekana makovu ya UKIMWI. Watoto waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walikua wakawa wafupi kwa takriban sentimita 2 kuliko ambavyo wangekuwa, na walimaliza shule wakiwa na pungufu ya takriban mwaka mmoja wa masomo. Waliopoteza mama walikuwa sasa watu wazima, na pengo halikuwa limezibika.

Kisha likaja jibu la waliohama. Kathleen Beegle, De Weerdt na Stefan Dercon waliwalinganisha watu waliolelewa kaya moja, mmoja akaondoka na mwingine akabaki. Katika miaka 13, ukuaji wa matumizi ya aliyehama ulizidi wa aliyebaki kwa pointi 36 za asilimia. Yaani, kwa mfano tu, aliyebaki akiongeza matumizi yake kwa asilimia 20, nduguye aliyehama aliyaongeza kwa asilimia 56. Kama watafiti wangerudi kwenye nyumba zile zile tu, kama ilivyo desturi, wangewapima waliobaki na kuandika kwamba Kagera imesogea kidogo.

Basi kwa nini wengine wasiondoke? Watatu hao walionyesha kidole nyumbani. Desturi huwashikilia baadhi ya watu, na nafasi ya mtu katika familia inaamua nani aage na nani alinde kibanja. Baadaye Kalle Hirvonen, Mfini, akaongeza sababu nyingine. Joto likizidi, mavuno na matumizi hushuka, na wanaume wanaohama hupungua badala ya kuongezeka. Kuukimbia umaskini kunahitaji nauli.

Njaa ya asilimia 19 au 68?

Wakati huo huo baadhi ya watafiti wa Kagera walianza kulitilia shaka dodoso lenyewe. Kati ya 2007 na 2008, zaidi ya kaya 4,000 katika wilaya 7 za Tanzania ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi 8. Kila kundi liliulizwa habari za chakula kwa namna yake. Wengine walikumbuka siku 7 na wengine 14. Wengine walisomewa orodha ndefu ya vyakula na wengine fupi. Wengine waliachiwa daftari waandike kila siku, na katika kundi moja kila mtu mzima alipewa daftari lake.

Nchi ni moja na mwaka ni mmoja. Hata hivyo, kiwango cha watu wenye njaa kilitofautiana kutoka asilimia 19 hadi 68, kwa kutegemea namna ya kuuliza. Yule mama wa mkungu mmoja hakuwa peke yake. Hindi lililochomwa barabarani na andazi alilonunua kijana kituo cha bodaboda havimo katika kumbukumbu za mkuu wa kaya. Usomapo gazetini kwamba umaskini umeshuka, uliza kwanza kama swali la mwaka huu ni lile la mwaka ule.

Ndugu aliye mjini

Mwaka 2010 wadadisi walirudi tena, na kaya zilikuwa zimepita 3,300. Luc Christiaensen, De Weerdt na Yasuyuki Todo walitazama njia waliyopita waliotoka katika umaskini. Karibu nusu yao walitoka kwa kuacha kilimo na kuingia shughuli nyingine vijijini, au kwa kuhamia miji midogo. Ni mmoja tu kati ya kila 7 aliyetoka kwa kuhamia jiji kubwa, ingawa waliofika jijini, kwa wastani, walipiga hatua haraka zaidi. Duka la pembejeo na mashine ya kusaga vimewainua watu wengi kuliko soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Lakini tokeo ninalolipenda zaidi ni lile la De Weerdt na Hirvonen kuhusu fedha zinazorudi nyumbani. Sote tumewahi kusikia lawama hizo, au kuzitoa: ndugu wananimaliza, kila mwezi kuna mgonjwa, kila mwezi kuna ada, nitajenga lini? Watafiti walifuatilia mapigo pande zote mbili. Nyumbani kukiharibika jambo, matumizi ya aliyehama yanatikisika. Kwake kukiharibika, wa nyumbani hawatikisiki vivyo hivyo. Kwa hiyo si mchezo wa nipe nikupe. Aliye mjini anawakatia bima wa nyumbani, na hakuna anayemkatia yeye. Lawama ina msingi.

Ila angalia gharama yake. Bima hiyo iliwagharimu waliohama kati ya asilimia 3 na 5 ya ukuaji wa matumizi yao. Watafiti waliona kiasi hicho ni kidogo mno kuweza kuzuia maendeleo ya mtu. Kama nyumba yako haijaisha, sababu haiwezi kuwa shangazi pekee.

Katika tafiti za Tanzania, kaya kwa lugha rahisi ni watu wanaokula chungu kimoja. Kipimo hicho kina maana, kwa sababu ukihesabu chungu unajua wanaolala na njaa pamoja. Kagera ilionyesha mahali kinapovuja: katika nusu mkungu uliokwenda msibani, na katika mtoto wa 1991 ambaye leo yuko Mwanza, ana chungu chake, na bado akisikia mvua haijanyesha kwao Muleba anatuma fedha kwa simu.

Mimi mdadisi akinijia, nitamwambia kaya yangu ina watu 4. Ndiyo idadi ya sahani. Kisha nitafungua ujumbe wa miamala ya mwezi uliopita, na humo watakuwa 11.