KATUNI NA WATOTO WETU (Sehemu ya 3): Jioni ambayo katuni ilipeleka watu 685 hospitali

Haya mama zangu, na kina baba wachache mnaonifuatilia, tuendelee tulipoishia. Tangu nilipomtaja Pikachu na watoto walioanguka, swali linalonijia ni moja tu: "Nesi, ni kweli katuni za Kijapani zinaleta kifafa?" Nikijibu ndiyo nitakuwa nimewatisha bure, nikijibu hapana nitakuwa nimewadanganya. Ngoja niwasimulie historia yenyewe, jibu liko humo humo.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 16 Desemba 1997, saa 12 na nusu jioni, huko Japani. Watoto wametoka shule, wamekaa mbele ya televisheni. Stesheni ya TV Tokyo inaonyesha Pokémon, katuni iliyoanza Aprili mwaka huo huo na tayari ilikuwa imeteka nchi nzima. Hii ilikuwa sehemu ya 38.

Hadithi ya siku hiyo haikuwa na ubaya wowote. Ash na wenzake wanaingia ndani ya kompyuta pamoja na kiumbe anayeitwa Porygon. Makombora yanarushwa kuwafukuza, Pikachu anayapiga kwa umeme wake, yanalipuka. Mlipuko ule ukachorwa kwa rangi nyekundu na bluu zikipokezana kwa kasi ya kama mara 12 kwa sekunde, kioo kizima. Ilichukua sekunde chache tu, hata chai hujaipuliza ikapoa.

Baada ya hapo magari ya wagonjwa yakaanza kuitwa sehemu mbalimbali za nchi. Kuna watoto walioumwa kichwa na kutapika, kuna waliosema hawaoni vizuri, na kuna walioanguka wakakakamaa na kutetemeka kabisa. Watu 685 walipelekwa hospitali, wengi wao watoto. Usiku taarifa za habari zikarudia kipande kile kile ili kueleza kilichotokea, na wengine wakaumwa kwa kukiangalia huko. Hakuna aliyekufa, na wengi walirudi nyumbani mapema.

Mimi kama nesi nikisoma habari hii nawafikiria wale mama. Mtoto ni mzima, hana homa, hajawahi kuanguka, anaangalia katuni, ghafla yuko chini. Ungefikiria nini? Sumu? Pepo? Mtu kamtupia kitu? Na hata ungekuwa mama makini unayekagua kila anachoangalia mtoto, katuni ile ungeipitisha. Haina damu, haina matusi, haina uchi. Sisi tukikagua tunaangalia maadili. Nani anakagua mwanga?

Sasa turudi nyuma kidogo, tuone mwanga ule ulitoka wapi.

Tarehe 1 Januari 1963 Osamu Tezuka, mchoraji aliyesomea udaktari kule Osaka, alianza kurusha Tetsuwan Atomu, katuni ya mtoto roboti, kila wiki kwenye televisheni. Filamu inapitisha picha 24 kwa sekunde, na kuchora michoro mingi hivyo kila wiki kunahitaji pesa na mikono ambayo hakuwa nayo. Kwa hiyo akachora michoro michache, mmoja akaushikilia kwa picha kadhaa, mingine akairudia rudia. Katuni nyingi za Kijapani zilizofuata zilipita njia hiyo. Ukiona mhusika amesimama kama sanamu, mdomo tu ndio unaocheza, ni ubanaji matumizi huo, na kusema kweli waliugeuza kuwa sanaa.

Mchoro ukiwa haujongei sana, lazima utafute namna nyingine ya kumshtua mtazamaji. Moja ni kuwasha na kuzima rangi harakaharaka. Wachoraji wa Japani wana jina lake, paka paka. Ilikuwa kawaida kwenye mapigano na milipuko, na waliochora sehemu ile hawakuwa na nia mbaya. Ila safari hii nyekundu na bluu zilikutana, kasi ikawa kubwa, na kioo kikajaa.

Kuna watu wachache, hasa watoto wa umri wa shule na vijana, ambao ubongo wao hauvumilii mwanga unaomweka hivyo. Wengi hawajijui mpaka siku wakutane nao. Katuni haikuwapa ugonjwa. Iliamsha kitu ambacho tayari kilikuwepo.

Baada ya hapo Pokémon ikasimamishwa miezi minne. Wataalamu wakapima ule mwanga, na mwaka 1998 watangazaji wa Japani wakaweka miongozo ya kudhibiti mimweko, hasa ya rangi nyekundu. Mpaka leo katuni nyingi kule zinaanza na maneno ya kumwambia mtoto aangalie chumba kikiwa na mwanga na akae mbali na kioo. Sehemu ile ya 38 haijarushwa tena popote.

Lakini kuna jambo moja linaniuma mpaka leo. Tangu siku ile Porygon hajapewa tena nafasi ya maana kwenye katuni hiyo. Aliyepiga umeme ni Pikachu, lakini Pikachu ndiye kipenzi cha watu, kwa hiyo lawama ikamwangukia mgeni. Ni katuni tu, najua. Ila wodini naiona hadithi hiyo kwa watu wa kweli. Mtoto anaanguka, familia inatafuta wa kulaumu kabla ya kutafuta sababu: bibi mzaa baba, jirani, mama mwenyewe "alikosea mimba". Mtoto anazungushwa miezi ndipo aletwe hospitali. Wajapani walipopima mwanga ndipo walipopata dawa ya tatizo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Usizime katuni zote. Washa taa, mtoto akae mbali na kioo, na simu asiiangalie gizani chini ya shuka. Mwanga ukimweka sana mfundishe ageuke, au azibe jicho moja kwa kiganja. Kufumba macho pekee hakutoshi, mwanga unapita kwenye kope.

Akianguka, mlaze ubavu, legeza nguo, ondoa vitu vya kumuumiza. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Angalia saa. Ikipita dakika 5, au kama ni mara yake ya kwanza, hospitali moja kwa moja. Na ukifika tuambie alikuwa anafanya nini kabla ya kuanguka, hata kama unaona aibu kusema alikuwa kwenye simu saa 5 usiku. Hatukugombezi, tunahitaji kujua.

Sehemu ya 4 inakuja Mungu akipenda, nitaeleza tofauti ya degedege na kifafa. Usiku mwema.