Punje za chuma zilizovaa nguo

Wiki iliyopita tulifungua pawasaplai ya kompyuta iliyoungua. Ndani mlikuwa na pete ya njano iliyozungushiwa waya wa shaba. Tukaigonga nyundo. Haikupinda kama chuma, ilivunjika kama tofali, na ndani ni vumbi la kijivu. Mmoja wetu akauliza: sasa kwa nini wasage chuma halafu wakigandishe tena?

Jibu liko kwenye simu za zamani. Sauti ilikuwa inafifia kwenye waya mrefu. Oliver Heaviside, Mwingereza aliyeacha shule na miaka 16, alionyesha kwa hesabu kwamba koili kwenye laini zingesaidia. Wakubwa wa posta hawakumsikiliza. Baadaye Michael Pupin akapata hataza mwaka 1900, na kampuni ya AT&T ikainunua. (Haki isemwe, George Campbell wa AT&T alikuwa na wazo hilohilo.) Pupin alizaliwa kijiji cha Idvor, leo ni Serbia, akafika New York mwaka 1874 peke yake, kijana mdogo, na senti 5 mfukoni, anavyosimulia mwenyewe. Hakuwa mkimbizi, lakini tulipofika hapo tulinyamaza kidogo.

Basi, koili inataka chuma katikati. Shida ni kwamba umeme wa sauti hugeukageuka haraka, na sumaku ikigeuka, ndani ya chuma huzuka mikondo inayozunguka bure na kula nguvu. Chuma kizima kinapata moto tu. Kwanza walitumia nyaya nyembamba za chuma. Halafu, mwaka 1921, Buckner Speed na G. W. Elmen walieleza njia nyingine: chuma cha unga, kila punje imefunikwa ngozi isiyopitisha umeme, vyote vikagandamizwa kwa nguvu kubwa mno. Kwenye ngozi hiyo walitumia shelaki, utomvu wa wadudu wa huko India!

Ngozi hiyo ndiyo kazi yote. Ikiwa nene, sumaku inadhoofika. Ikiwa nyembamba sana, inachanika kwenye mashine. Tena chuma kilichogandamizwa kinataka kuchomwa ili kilegee, na gundi haivumilii moto. Siku hizi wanapaka fosfeti, nyembamba kabisa, inayostahimili karibu nyuzi 500, na unga huo unaingia hata kwenye mota.

Pete za gundi zikikaa kwenye joto miaka mingi, gundi inachoka, mikondo inarudi, joto linazidi. Yetu ilikuwa nyeusi upande mmoja. Kipande kiko mezani, mkija mtakiona.