Morani wa Miaka Sabini

Fundi wa kutarizi beji kando ya barabara ya Kabiria ameshona nembo za shule nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Simba, vitabu vilivyofunuliwa, mienge, tai wanaofanana na kuku: vyote vimepita kwenye cherehani yake. Juzi aliniita nikipita. Familia moja ilikuwa imemletea kofia za wajukuu za kuvaliwa siku ya mazishi, zishonwe jina la babu na, baada ya jina, herufi tatu: MBS.

"Mwalimu, hii MBS ni nini? Nisije nikashona mambo ya siasa."

Nikamwambia ni nishani ya serikali. Akatosheka. Mimi ndiye sikutosheka, kwa sababu kirefu cha herufi hizo nilikuwa nacho kwa Kiingereza tu. Nimeishi na kamusi miaka mingi, na hapo nikakwama kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Si nishani tu: hata taaluma ya nembo, hizo anazoshona fundi, ina bahati mbaya ya majina. Kenya ni miongoni mwa nchi chache za Afrika zenye chombo cha kisheria cha kutoa na kusajili nembo. Kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1968, na ukilitafsiri jina lake neno kwa neno unapata Chuo cha Silaha. Hakina wanafunzi, hakina bunduki. "Chuo" hapo ni watu waliokusanywa kwa kazi moja, na "silaha" ni ngao na vazi la vitani, ambavyo askari wapanda farasi wa Ulaya walianza kuvichora alama katika karne ya 12. Uso ulikuwa umefunikwa kwa chuma. Bila alama ungemchoma mkuki mjomba wako. Aliyezisoma alama hizo na kuyatangaza majina kwenye mashindano ndiye akawa mjuzi wake. Sisi tungemwita mpiga mbiu, au tarishi, ingawa tarishi wa leo hubeba mafaili kutoka ofisi hadi ofisi wala hatangazi lolote.

Lakini neno letu la nembo lina asili nzuri kuliko hayo yote. Kabla ya kuhamia kwenye bahasha za serikali lilikuwa ngozini: chale, alama iliyochanjwa mwilini ili ukoo ujulikane. Wamakonde hadi leo huziita chale zao dinembo. Mzungu aliuficha uso akaiweka alama juu ya ngao. Mmakonde aliuacha uso wazi akaiweka alama hapo hapo. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walitembea kuja Nairobi kudai vitambulisho. Watu waliolibeba neno nembo usoni walikuwa wakiomba kadi yenye nembo ya Kenya.

Na hata ngao hatukuiazima. Ile iliyo katikati ya bendera ni ya Kimaasai, na Wamaasai walikuwa na elimu kamili ya kuichora. Alama zake, sirata, zilieleza rika la mwenye ngao na upande atokao, na palikuwa na alama ya ushujaa ambayo hukujichorea mwenyewe, ulipewa ruhusa. Hiyo ni nishani, ila haikuning'inia kifuani.

Nishani ni neno la Kiajemi, na maana yake ni alama tu. Pwani ililizoea mapema: Sultani Barghash wa Zanzibar alianzisha nishani yake ya Nyota mwaka 1875. Tanzania ikaendeleza, ikawa na Nishani ya Mwenge wa Uhuru yenye daraja la kwanza, la pili, na kuendelea. Ni Kiswahili safi. Ni baridi pia, kama tiketi ya treni.

Kenya ilichagua njia nyingine, na sidhani wengi wameigundua. Nishani zake za Moyo wa Dhahabu na Mkuki Uwakao (Mkuki Uwakao ulikuwa jina la sifa la Jomo Kenyatta) zina ngazi tatu: chifu, mzee, morani. Ngazi hizo mbili za chini si vyeo vya jeshi, ni za rika. Na neno la Kiingereza linalowaunganisha waliotunukiwa, ambalo haraka haraka tungelifasiri "amri" au "oda", asili yake ni udugu wa watawa, kama wale waliowauguza mahujaji Yerusalemu. Udugu wenye ngazi, kiapo na alama: sisi tunalo neno, ni rika. Rika la Mkuki Uwakao. Asiyelipenda akumbuke kwamba Waingereza wana heshima kuu, tangu 1348, iliyopewa jina la ukanda wa kufungia soksi.

Kuna kikwazo, nakiri. Katika rika, umorani huletwa na umri, na mzee hawi mzee kwa sababu jina lake limetoka kwenye Gazeti Rasmi karibu na Sikukuu ya Jamhuri. Kwenye nishani unaweza kufanywa morani ukiwa na miaka sabini, magoti yanauma, na kijana wa arubaini akawa mzee wako. Lugha haikosi kucheka hapo. Hata hivyo nadhani kicheko hicho ni bora kuliko herufi zisizosema kitu.

Nikarudi kwa fundi siku ya pili nimejiandaa.

"Andika Morani wa Rika la Mkuki Uwakao."

Akaitazama kofia, akaweka vidole viwili kwenye paji lake kupima nafasi, akahesabu kimoyomoyo.

"Hiyo itazunguka hadi kisogoni, Mwalimu. Na hawa wamelipia herufi tatu."