Machakos Isomwe Vilimani

Anayetoka Nairobi kwenda kutembea Machakos kwa siku moja au mbili hana safari ndefu. Ni kilomita zipatazo 65 kwa barabara kuu ya Mombasa, anakata kushoto Kyumbi, na muda si muda mji uko mbele yake, umekaa bondeni, vilima vimeuzunguka. Kwa kawaida ratiba hujipanga yenyewe: bustani ya People's Park iliyofunguliwa mwaka 2014 karibu na bwawa la Maruba, halafu Kyamwilu, ambako maji humwagwa barabarani yakaonekana kupanda mlima, halafu nyama choma, halafu kurudi. Historia hupewa sentensi moja tu, tena ndani ya gari: hapa ndipo Waingereza walipoweka makao yao ya kwanza bara, reli ikapita kando, Nairobi ikachukua nafasi. Sentensi hiyo si ya uongo, ila humpoteza mgeni. Humtuma kutafuta mji mkuu ambao haukuwa, na asipouona hurudi akisema Machakos haina cha kale cha kuonyesha. Msimamo wangu ni kwamba Machakos haikuzaliwa na Waingereza wala haikuuawa na reli. Mahali hapa palifanywa na vilima vyake na watu wanaovilima, na anayetaka kuona historia yake kwa siku mbili hana budi kupanga ratiba kwa kufuata vilima, si kwa kufuata majengo.

Tuanze na sababu ya mji kuwapo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa ilipita mikononi mwa Wakamba, waliokuwa wakisafiri kwa misafara mikubwa hadi pwani. Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, ambaye mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1849, alikuwa mmoja wa wakuu wa biashara hiyo, na ni akiwa kwake ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya. Baadaye misafara ya Waswahili na Waarabu ilishika njia, lakini jiografia haikubadilika. Mtu aliyevuka nyika ya Taru kutoka pwani alikuwa ametembea siku nyingi katika nchi kavu, na mbele yake zilimngoja tambarare za Athi, nchi ya Wamasai, ambako hapakuwa na shamba la kununua nafaka. Katikati ya ukame huo na tambarare hizo vilisimama vilima vya Iveti, vyenye chemchemi, mtama, maharagwe na mbuzi. Msafara wa mamia ya wapagazi hauli maneno. Ulisimama palipokuwa na chakula. Aliyekuwa na jina kubwa hapo ni Masaku, mtu anayekumbukwa kama kiongozi na mwaguzi, na jina lake ndilo wageni walilolitamka vibaya hadi likawa Machakos. Wenyeji hadi leo hulisema kama lilivyo: Masaku.

Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, haikuchagua Machakos kwa macho ya mjenzi wa miji. Ilifuata njia ya misafara na kuweka kituo pale ambapo misafara ilikuwa tayari inalala. Mwaka 1892 akaja John Ainsworth kukisimamia, na serikali ya Uingereza ilipoichukua nchi kutoka kwa kampuni mwaka 1895, Machakos ikawa makao ya mkoa wa Ukamba chini ya Ainsworth. Hata hivyo, kabla ya Ainsworth kufika, watu wa vilimani walikwisha kusema neno lao. Mwaka 1891 maafisa wa kampuni walikata mti wa ithembo, yaani mahali patakatifu pa kuombea, huko Mutituni, wapate mlingoti wa bendera. Nabii mwanamke, Syonguu, akawaita watu wa Iveti kusimama dhidi ya kituo. Vitabu vya shule hulitaja tukio hili kwa mstari mmoja miongoni mwa sababu za upinzani wa Wakamba. Kwa anayepanga safari lina uzito zaidi ya mstari mmoja, kwa sababu linaonyesha ni nini kilichokuwa na heshima mahali hapa na kilikaa wapi. Ngome ya kituo ilikuwa jambo geni la juzi; ithembo lilikuwa na wazee wake, na mvua yake ya kuombewa. Mutituni iko karibu tu na mji, njia ya kupanda Iveti, na ajabu ni kwamba karibu kila ratiba huipita bila kusimama.

Kuhusu reli, wanaosema iliiua Machakos wana ushahidi ambao si wa kupuuzwa. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, njia ikafuata nchi tambarare kusini mwa vilima, na mwezi Mei 1899 ikafika Nairobi, kwenye uwanda wenye maji kabla ya mwinuko mkali. Mwaka huohuo Ainsworth alihamisha makao ya mkoa kuyafuata magurudumu. Ni miaka ileile ambayo Ukambani ilipigwa na njaa kuu ambayo wazee waliiita Ngomanisye, iliyoingia kila mahali, hata kilima kilichokuwa kikilisha misafara kikashindwa kujilisha. Mtu akiweka mambo hayo mawili pamoja anaweza kuona mwisho wa habari. Lakini kilichoondoka ni ofisi, na ofisi si mahali. Watu waliobaki waliendelea kukua kwa idadi, na swali lililowakabili miaka thelathini iliyofuata lilikuwa gumu kuliko la reli: je, vilima hivi vitaendelea kuwabeba?

Kufikia miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni walijibu kwamba haviwezi. Colin Maher, mtaalamu wa udongo wa serikali, aliandika mwaka 1937 juu ya Machakos kama nchi inayokufa, miteremko imekatwa na makorongo, udongo mwekundu ukishuka mitoni kila mvua. Mwaka huohuo zilipigwa picha za miteremko hiyo, na zaidi ya miaka hamsini baadaye watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walihakikisha zimepigwa tena kutoka sehemu zilezile. Matokeo yalitoka katika kitabu chao cha mwaka 1994. Idadi ya watu katika wilaya ilikuwa imepanda kutoka kama 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na miteremko iliyokuwa upara kwenye picha za zamani ilikuwa na miti na mashamba yaliyokatwa matuta kama ngazi. Tuta hilo lina jina la Kiswahili ambalo limeingia katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima bila kutafsiriwa: fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kukata mteremko na kuurusha udongo upande wa juu. Ukingo hupandwa nyasi za kulisha ng'ombe, maji hukaa yakazama, na mvua baada ya mvua shamba hujitengeneza bapa. Hii ndiyo ngome ya Machakos. Ina urefu usiopimika, imejengwa kwa majembe na karai, na inakaliwa na walioijenga.

Hapo mtu anaweza kunikatiza, na kwa haki: matuta hayo si ya Wakamba, ni ya amri ya mkoloni. Ni kweli kwamba watu walilazimishwa kuchimba, kwamba machifu walisimamia kazi hiyo kwa vitisho, na kwamba mwethya, desturi ya majirani kusaidiana kazi, iligeuzwa kuwa chombo cha serikali. Lakini angalia kilichotokea baadaye. Shuruti ilipoondoka na uhuru wa mwaka 1963, kazi ilipungua sana kwa muda, jambo linaloonyesha wazi ni nini kilichukiwa. Kisha ikarudi, safari hii bila kiboko, kwa vikundi vilivyojichagulia viongozi, wengi wao wanawake. Na hawakurudia chochote walichoamriwa: walikuwa wamefundishwa pia tuta jembamba, la haraka, la kutupa udongo chini, nao wakaliacha wakashika lile la juu kwa sababu ndilo lililotunza maji katika nchi ya mvua haba. Kitu mtu alicholazimishwa, akakiacha, akakirudia kwa hiari baada ya kuchagua umbo lake, hakiwezi kuendelea kuitwa cha aliyemlazimisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wapo wachunguzi waliosema kwamba habari hii ya vilima vilivyopona huficha wasiopona: kaya zilizokuwa na mshahara wa Nairobi au Mombasa ndizo zilizoweza kulipia vibarua na kununua mbegu, na zisizokuwa nao zilibaki na vipande vidogo vilivyochoka. Nakubali, na nadhani mgeni mwenye macho ataliona hilo bila kuambiwa. Tuta lililotunzwa hukaa jirani na lililobomoka, na tofauti mara nyingi si bidii bali ni nani aliyetuma pesa nyumbani. Hili halinifanyi nishushe thamani ya vilima katika historia. Linanifanya niseme visomwe kwa makini, kama vile mtu anavyopaswa kukumbuka, anapoitazama ngome ya Fort Jesus kule Mombasa, ni nani waliobeba yale mawe.

Kwa hiyo ratiba iweje? Kwanza msimu. Ukambani mvua za kutumainiwa ni zile za Oktoba hadi Desemba, wala si zile za Machi zinazosifiwa kwingine. Novemba na Desemba ndipo mitaro hufanya kazi machoni pa mtu, maji yakiwa yamesimama ndani yake na mahindi yakianza kushika juu. Desemba hadi Februari kuna maembe. Anayekuja Septemba ataona udongo mtupu na kudhani Colin Maher alikuwa sahihi. Pili, mwanzo wa siku uwe mjini, sokoni, saa za asubuhi, kwa ajili ya viondo na nafaka, na chakula cha mchana kiwe muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, kwa sababu ni chakula cha nchi hii hasa. Baada ya hapo apande Mutituni na mgongo wa Iveti hadi upande wa Kathiani, kwa gari dogo au bodaboda, na ashuke kutembea kila anapoweza, akiomba ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kukanyaga tuta. Siku ya pili akiwa nayo aende barabara ya Kitui, Masii hadi Wamunyu, ambako Mutisya Munge alianzisha uchongaji wa vinyago baada ya kurudi kutoka Tanganyika, alikokuwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambako chama cha ushirika cha wachongaji kipo hadi leo. Kyamwilu na People's Park sizikatazi. Watoto wanahitaji kucheza, na macho kudanganywa na mteremko ni jambo la kufurahisha. Zipewe jioni, baada ya vilima.

Safari ya kurudi nayo ni sehemu ya historia, maana barabara ya Machakos kwenda Nairobi iliwahi kuwa ya siasa. Mwaka 1938 serikali iliamua kwamba dawa ya mmomonyoko ni kupunguza mifugo, ikakamata ng'ombe na kuwauza kwa mnada wa lazima, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa kimekwisha kujengwa Athi River na kinahitaji ng'ombe wa bei ya chini. Mwezi Julai Muindi Mbingu wa chama cha Ukamba Members Association aliongoza zaidi ya watu 1,000, wanaume, wanawake na watoto, hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor wakitaka kumwona gavana. Walikaa wiki baada ya wiki. Gavana Robert Brooke-Popham hakwenda Kariokor. Mwezi Agosti alikwenda kufanya baraza Machakos. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini mnada wa lazima ulisimamishwa kabla ya mwaka kuisha. Msafiri anayerudi jioni atapita Athi River, ataingia jijini, na akiwa na nusu saa ya mwanga iliyobaki anaweza kushuka Kariokor kwa miguu, kisha akakata hadi katikati ya jiji, kwenye barabara inayoitwa Muindi Mbingu.