Zamu Iliyouzwa St. Louis

Juma lililopita kijana mmoja mpenzi wa mpira wa kikapu alinisimamisha kituo cha basi akitaka nimwamulie ubishi. Timu ya NBA ikipata zamu nzuri ya kuchagua kijana anayetoka chuo kikuu, je, iitunze, au iitoe ipate mchezaji aliyekomaa wa kuisaidia msimu uleule? Basi lake likaja kabla sijafungua kinywa. Namjibu leo.

Kule Marekani timu zilizofanya vibaya ndizo hutangulia kuchagua, ili wanyonge nao wainuke. Lakini zamu ni mali, na mwenye mali anaweza kuiuza. Mwaka 1956 zamu ya pili ilikuwa ya St. Louis Hawks. Rochester, waliotangulia, walimchukua Sihugo Green. Akabaki Bill Russell, mtu mrefu, mweusi, aliyekipa Chuo Kikuu cha San Francisco ubingwa wa vyuo mwaka 1955 na 1956.

Kocha wa Boston Celtics, Red Auerbach, alimtaka kwa udi na uvumba. Timu yake ilijua kufunga, lakini mpira ukigonga ubao ukarudi, wapinzani ndio walioudaka. Akamtoa Ed Macauley, nyota aliyekwisha kujulikana. Ben Kerner, mwenye timu ya Hawks, akasema haitoshi, akaongezewa Cliff Hagan, ambaye alikuwa ametoka jeshini na hajaichezea Boston hata mchezo mmoja.

Miaka mingi nilimcheka Kerner. Siku hizi simcheki sana. Timu yake ilikuwa imehamahama, na St. Louis ilikuwa imefika mwaka 1955 tu. Alihitaji watu wa kujaza viti. Macauley alikuwa mtoto wa mji huo, na mwenyewe alitaka kurudi kwao kwa sababu alikuwa na mwana mgonjwa. Tena Russell asingeanza msimu na timu yoyote, maana alikuwa anakwenda kwanza kwenye Olimpiki ya Melbourne. Mwenye njaa leo haambiwi habari za mavuno ya mwakani.

Na msaada wa haraka ulifika kweli. Mwaka 1957 timu hizo mbili zilikutana fainali, mchezo wa saba ukaongezwa muda mara mbili, Boston wakashinda 125 kwa 123. Mwaka 1958 wakakutana tena. Russell akaumia kifundo cha mguu katika mchezo wa tatu, na katika mchezo wa sita Bob Pettit wa Hawks akafunga pointi 50. St. Louis 110, Boston 109. Kombe likaenda kwa Kerner.

Basi alikula hasara? Hesabuni wenyewe. Russell alicheza misimu 13, akatwaa ubingwa mara 11. Hawks walifika fainali tena mwaka 1960 na 1961, na mara zote mbili aliyewazuia ni Russell yuleyule. Timu hiyo ilihamia Atlanta mwaka 1968, na tangu kombe lile la 1958 haijapata jingine.

Kwa hiyo, kijana wangu wa kituo cha basi, mimi ningeitunza zamu, ila kama timu imebakiza mtu mmoja tu kutwaa kombe, au mlango wake unakaribia kufungwa kwa ukata. Kerner alikuwa karibu na hali hizo zote mbili.

Lakini liko jambo ambalo hesabu za mpira hazilielezi. St. Louis ya siku zile ilikuwa mji wa ubaguzi wa rangi, na timu iliyotwaa kombe la 1958 ilikuwa ya wazungu watupu. Russell alikuja kusema baadaye kwamba asingekubali kwenda kucheza huko. Huenda Kerner aliuza zamu ambayo mji wake ulikuwa umekwisha kuipoteza.