Nani Alimuua Fernando?

Kwenye chumba cha habari nilikoanzia kazi, mwanamume akijiua, swali la kwanza la mhariri lilikuwa: mwanamke ni nani? Nami niliandika hivyohivyo, tena zaidi ya mara moja. Swali hilo lilinirudia niliposoma visa vya Gustavo Adolfo Bécquer, Mhispania aliyezaliwa Sevilla mwaka 1836, naye akila mkate wake magazetini.

Katika Los ojos verdes (Macho ya Kijani), cha 1861, kijana Fernando anamfukuza kulungu aliyejeruhiwa hadi kwenye chemchemi ambayo Íñigo, mwindaji wake mzee, anamsihi asiikaribie. Anakwenda. Huko anamkuta mwanamke mwenye macho ya kijani, anarudi tena na tena, mpaka maji yanammeza. Mwaka huohuo kikatoka El monte de las ánimas (Mlima wa Roho). Mjini Soria, usiku wa kuamkia Siku ya Marehemu, Beatriz anamwambia binamu yake Alonso kwamba utepe wake wa buluu umepotea mlimani. Alonso anakiri kuwa usiku huo anaogopa. Beatriz anatabasamu tu. Basi, Alonso anaondoka. Asubuhi utepe uko chumbani kwa Beatriz, umelowa damu, naye anakufa kwa hofu.

Ukisoma haraka utasema wanawake hawa ni balaa tupu. Hebu soma tena. Fernando alionywa na mtu anayempenda. Alonso hakuburutwa na yeyote; alishindwa kuvumilia tabasamu. Sisemi Bécquer aliwatetea wanawake, hapana. Beatriz ana kiburi kweli, na adhabu yake ni kali. Ila hatari yenyewe inaanzia kifuani mwa mwanamume, kisha inavalishwa gauni.

Aliyeligeuza jambo hili waziwazi ni mwanamke, Emilia Pardo Bazán wa A Coruña. Katika Vampiro (1901), mzee tajiri wa miaka 77 anamwoa Inesiña, binti wa miaka 15. Kila siku mzee anapata nguvu, binti anasinyaa. Anakufa kabla ya kufika 20, na mzee anatafuta mchumba mwingine. Hakuna jini, hakuna meno marefu. Kuna ndoa halali, na kijiji kizima kilichoiona.

Nimezikumbuka habari zangu za zamani. Wale wanawake niliowataja, hakuna hata mmoja niliyempigia simu.